Sifuri Nane

Marekani, hati anayopewa askari anapoachishwa kazi ya jeshi kila mtu huiita kwa namba yake: DD 214. Ukitaka mkopo wa nyumba wa askari wa zamani wataiulizia, ukitaka matibabu wataiulizia, na ukifa msimamizi wa mazishi ataiulizia kwa mkeo kabla hajaita askari wa kukunja bendera. Yangu nilipewa Aprili 2004 nikiwa kwenye foleni, buti bado zina vumbi la Kuwait. Kwenye kisanduku cha 12f, panapoandikwa muda wa utumishi nje ya nchi, palikuwa na sifuri nane: miaka 0000, miezi 00, siku 00.

Mwaka mzima wa Iraq haukuwapo.

Nilikuwa askari wa akiba tangu 1999, mtu wa Tanga mwenye kadi ya kijani na kazi ya usiku kwenye ghala. Kikosi chetu kilikuwa cha malori. Wikiendi moja kila mwezi tulikagua matairi na kujaza fomu, na kiangazi tulikwenda kambini wiki mbili. Mapema 2003 tukaitwa. Tulishukia Kuwait, na kutoka hapo tukawa tunapeleka mizigo kaskazini kwa barabara ambayo jeshi liliipa jina Tampa, mpaka kambi kubwa ya Anaconda karibu na Balad. Septemba, wengi wetu tukiwa tumeshaanza kupanga safari ya kurudi, ikatoka amri kwamba askari wa akiba nao watatimiza miezi 12 ndani ya eneo la vita. Tukatimiza.

Karani wa kambi ya kutolea askari nilimwonyesha zile sifuri palepale. Alikuwa kijana mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akaniambia basi linaondoka, halafu hati ikishasainiwa haichapwi upya. Kosa hurekebishwa kwa karatasi nyingine, DD 215, inayoambatanishwa nayo. Hilo la pili ni kweli mpaka leo. Ila wa kuiomba hiyo karatasi, na wa kuthibitisha kwamba kosa ni kosa, ni askari mwenyewe.

Aliyenifundisha kuthibitisha ni sajenti wetu mmoja aliyepigana Vietnam. Alikuwa na jalada nene kuliko Biblia ya mkewe, na ndani yake kila amri ya safari, kila hati ya mshahara, kila cheti cha kozi. Sisi vijana tulimcheka. Yeye akatueleza habari za St. Louis, yanakohifadhiwa majalada ya jeshi. Usiku wa manane wa tarehe 12 Julai 1973 ghorofa ya juu ya jengo la majalada hayo iliwaka, na majalada kati ya milioni 16 na 18 yakateketea. Hayakuwa na nakala. Kwa jeshi la nchi kavu, asilimia 80 ya majalada ya walioachishwa kati ya 1912 na 1960 yalikwenda. Kwa jeshi la anga, walioachishwa kati ya 1947 na 1964 walipoteza asilimia 75, na huko herufi ndiyo iliyoamua: waliopatwa ni wale waliofuata jina la Hubbard kwenye orodha. Akina Adams walipona.

Madhara ya moto ule niliyakuta mwenyewe kwenye mazishi. Tangu mwaka 2000 sheria inampa kila askari wa zamani haki ya kuzikwa mbele ya askari wasiopungua wawili, bendera ikakunjwa na tarumbeta ya maombolezo ikasikika. Kazi hiyo huwaangukia sana watu wa akiba, maana sisi ndio tunaoishi karibu na makaburi ya kawaida. Nilijitolea mara nyingi. Bendera hukunjwa mara 13 mpaka ibaki pembetatu ya buluu yenye nyota. Mwenzangu alishika tarumbeta yenye kifaa cha sauti ndani yake, kwa kuwa wapulizaji wa kweli hawatoshi: anabonyeza, anainua mdomoni, anasimama wima mpaka wimbo uishe. Wafiwa wengi hawakutambua, na sioni haja ya kuwaambia.

Siku moja mjane wa askari wa vita vya Korea alikuja ofisi ya mazishi na kopo la biskuti. Mlikuwa na picha, kitambulisho kilichofifia, risiti za gari walilonunua mwanzo wa ndoa. DD 214 haikuwamo, na jalada la mumewe lilikuwa majivu. Wahifadhi wa St. Louis walitafuta vocha za malipo, ambazo zilitunzwa kwingine, wakamtolea cheti mbadala. Kilitaja alitumika lini hadi lini na kwamba aliachishwa kwa heshima. Nishani alizokuwa akiwasimulia wajukuu hazikuwamo.

Baada ya pale nikaacha kuziona nishani kama mapambo. Nikafungua kabati langu kutafuta ushahidi wa kuziondoa zile sifuri. Kwenye hati za mshahara za 2003 kila mwezi kulikuwa na mstari wa dola 225, posho ya eneo la hatari, na mshahara haukukatwa kodi ya mapato. Hakuna anayelipwa hivyo akikagua matairi nyumbani. Ili ionekane kwamba ilikuwa Iraq wala si Kuwait peke yake, niliongeza amri za misafara na maelezo ya maandishi ya wenzangu wawili.

Upande wa nishani ulikuwa na vituko vyake. Tulipoachishwa, tuliandikiwa nishani ya kampeni ya vita dhidi ya ugaidi. Nishani ya Iraq yenyewe haikuwapo. Rais Bush aliianzisha Novemba 2004 na kuirudisha nyuma mpaka Machi 2003. Kwa hiyo mstari wa nishani kwenye DD 214 ulikuwa sahihi siku ulipoandikwa, na miezi michache baadaye ukawa umepitwa. Unaruhusiwa kubadilishana, si kupewa zote mbili kwa muda uleule. Rafiki yangu mmoja alizitaka zote na hajasamehe mpaka leo. Halafu kuna nishani ya askari wa akiba, iliyoanzishwa na Rais Truman 1950. Ina alama ya saa ya mchanga: shaba kwa miaka 10, fedha kwa 20, dhahabu kwa 30. Aliyeitwa vitani huongezewa herufi M, hata kama miaka 10 haijatimia. Herufi yangu haikuandikwa popote.

Tatizo jingine lilikuwa jina. Amri ya rais ya Julai 2002 iliwawezesha wageni walio jeshini kuomba uraia bila kungoja miaka ya kawaida, nami niliupata kwa njia hiyo. Cheti cha uraia kikachukua jina la babu kuwa la ukoo, ilhali jeshini nilikuwa nimeandikishwa kwa jina la baba. Karatasi zangu zikawa za watu wawili.

Siku hizo ombi lilikwenda kwa posta, na jibu likaja kwa posta likidai karatasi uliyokwisha kuituma. Majalada yalipoingizwa kwenye kompyuta mambo yalibadilika, ingawa si kwa namna niliyoitegemea. Nilifungua akaunti, nikakuta taarifa yangu ya pointi za pensheni. Askari wa akiba anahitaji angalau pointi 50 ili mwaka uhesabiwe: 15 anapewa kwa uanachama tu, wikiendi ya mazoezi ni nne, na kila siku ya kazi kamili ni moja. Mwaka mmoja wangu ulikuwa pungufu kwa pointi tatu. Zilizokosekana ni za mazishi. Fomu zake namba 1380 zilisainiwa na hazikuingizwa. Nakala zilikuwa kabatini. Nilizipiga picha kwa simu, nikazituma, na mwaka ukatimia.

Hapo ndipo ninapopingana na vijana wanaosema siku hizi kila kitu kimo kwenye mfumo. Mfumo ulinionyesha kosa mapema, jambo ambalo posta isingefanya kamwe. Kilicholirekebisha ni karatasi yenye saini.

DD 215 nayo ilifika. Sifuri nane zimeondolewa, M ipo, na jina ni moja. Barua ya miaka 20, inayosema umeshastahili pensheni, niliipata 2019. Pensheni ya askari wa akiba huanza kulipwa akifika miaka 60, na sheria iliyopitishwa 2008 hupunguza umri huo kwa miezi mitatu kwa kila siku 90 alizoitwa kutumika. Lakini inahesabu utumishi wa baada ya tarehe 28 Januari 2008 tu. Bodi ya kurekebisha kumbukumbu za jeshi, ambayo ni ya raia na ipo kwa sheria ya 1946, inaweza kufuta kosa la karani. Tarehe iliyowekwa na Bunge, bodi haiwezi kuigusa. Mwaka wa Iraq sasa umeandikwa vizuri, lakini haunipunguzii hata mwezi mmoja wa kungoja.