Usiikate Fremu ya Phillis Wheatley

Hebu itazame vizuri picha iliyo mwanzoni mwa kitabu cha mashairi cha Phillis Wheatley, kilichochapishwa London mwaka 1773. Ni picha ya kuchongwa, vivuli vyote vimejengwa kwa mistari midogomidogo. Binti ameketi mezani, kidole shavuni, kalamu ya unyoya mkononi. Mbele yake kuna karatasi, kidau cha wino na kitabu. Macho ameyainua kidogo, kama mtu anayesubiri neno lije.

Sasa soma maandishi yanayoizunguka. Yanamtambulisha kuwa ni Phillis Wheatley, mtumishi Mweusi wa Bwana John Wheatley wa Boston. Mtumishi? Hilo ni neno la adabu tu. Alikuwa mtumwa, aliyetolewa Afrika Magharibi akiwa na umri wa miaka kama saba. Phillis lilikuwa jina la meli iliyomfikisha Boston mwaka 1761. Wheatley ni jina la waliomnunua. Yaani hata jina lenyewe, la kwanza ni la meli na la pili ni la mwenye mali.

Ndiyo maana naona kalamu ile si pambo. Ni ushahidi. Kitabu kilibeba pia tamko la wanaume 18 wa Boston, gavana akiwemo, kwamba mashairi ni yake kweli. Eti bila wao nani angeamini?

Mlinganishe na Walt Whitman katika *Leaves of Grass* ya mwaka 1855. Naye kachongwa, lakini kasimama tu na kofia yake, shati wazi shingoni, mkono kiunoni. Hana kalamu wala kitabu, na ukurasa wa kichwa cha kitabu hauna hata jina lake. Mzungu huru anaweza kuviacha vyote hivyo, kwani nani atamuuliza kama anajua kuandika?

Mwaka huohuo wa 1773 Phillis aliachwa huru. Siku hizi nakutana na picha yake ikiwa imekatwa, amebaki binti na kalamu yake. Naelewa nia ni njema, lakini mimi naomba fremu ibaki. Ukiiondoa, unamwona mshairi anayewaza. Ukiiacha, unaona pia aliwaza akiwa amezungushiwa nini.