Moto wa Kuomba Chini ya Kilimanjaro

Huenda mwanao amerudi nyumbani na kazi ya shule: achague visasili vya watu wowote duniani, avichunguze na kuviandikia. Kabla hamjafungua kitabu, fuatana nami hadi Moshi, alfajiri, mawingu yangali hayajaufunika mlima.

Elekea kaskazini. Mbele yako ni Kibo, mviringo, mwenye barafu, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari. Kulia kwake ni Mawenzi, mita 5,149, jabali jeusi lililochongoka na kumeguka kama chungu kilichoanguka. Kati yao umelala uwanda mpana, mkavu, wenye upepo mkali. Mtoto yeyote atauliza: mbona huyu mzima na yule amevunjika?

Wazee wa Uchagani wanalo jibu. Mawenzi alizimikiwa na moto, akaenda kupalia kwa Kibo. Alimkuta akitwanga ndizi kavu. Akapewa moto, na ndizi pia. Akanogewa. Akarudi tena akidai kwamba moto umezimika njiani. Alipozidi kurudi, Kibo alighadhibika, akautwaa mchi akamponda nao. Makovu ndiyo hayo uyaonayo.

Wataalamu wa miamba nao husema kwamba Mawenzi ni volkano iliyokwisha kufa, ikaliwa na mvua na barafu kwa miaka mingi mno. Kibo imelala tu, na mvuke wenye kiberiti ungali ukitoka katika kasoko yake. Hata kwao, Mawenzi ndiye aliyezimikiwa na moto.

Mtoto akiwapenda zaidi Wayunani, usimkataze. Nao wana mlima wao, Olympus, ambao kwa kimo haufiki hata nusu ya Kibo. Mshairi Hesiod aliandika jinsi Prometheus alivyomwibia Zeus moto, akauficha ndani ya bua na kuwapelekea wanadamu. Huko moto huibwa kwa mtawala. Huku huombwa kwa jirani, na kosa ni kumchosha aliyekukirimu. Kulinganisha hayo mawili ni kazi ya kutosha kwa muhula mzima.

Lakini aanze na lipi? Mimi nasema aanze na kile ambacho msimulizi wake yu hai. Hesiod yumo kitabuni, atangoja. Bibi hangoji. Mimi niliahirisha safari ya kwa bibi yangu likizo mbili. Ya tatu nilikuta kaburi, na hadithi zake sikuziandika hata moja.

Basi mpe mwanao daftari na nauli. Kama kwenu si Uchagani, kipo kilima, ziwa au mbuyu wenye kisa chake. Aulize, asikilize, aandike jina la kijiji na siku aliyosimuliwa. Wazee wawili wakihitilafiana, aandike ya wote wawili. Akirudi, mketi jioni awasomee nyumba nzima.