Mama, mkwe wake na tangi lililojaa

Huko Marekani kuna watu ambao likizo ikifika hawatafuti hoteli. Huingia katika nyumba yao yenye magurudumu, wakawasha injini na kwenda zao. Ndani mna vitanda, jiko, friji na, jambo lililomtatiza mama yangu kuliko yote, choo.

Julai 2019 nilikuwa Minnesota kumtembelea dada yangu aliyekuwa amejifungua mtoto wa pili. Mama alikuwa amenitangulia kwa miezi miwili, kama wafanyavyo kina mama wengi wa Kenya binti akijifungua ng'ambo. Shemeji alikuwa amenunua gari la aina hiyo, mtumba, naye akashikilia kwamba sharti Mama aione Marekani kabla ya kurudi Kakamega. Tukashika barabara kuu nambari 90, tukielekea eneo la miamba la Badlands, South Dakota.

Msomaji anayejua mila za Waluhya ameshaona tatizo. Kwa wazee wetu, mama mkwe na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Sasa hawa wawili walikuwa wakilala chini ya paa moja, na kila kilichotoka chooni kiliingia katika tangi ambalo shemeji ndiye angelimwaga!

Siku ya pili jioni taa ndogo ikaonyesha tangi limejaa. Magari hayo huwa na matangi mawili, moja la maji ya sinki na ya kuoga, jingine la choo. Gari letu lilitegemea pampu ya umeme wa volti 12, yenye visu vya kukatakata uchafu na gurudumu la mpira la kuusukuma nje kupitia paipu nyembamba. Tulipofika kambini, penye shimo la kumwagia, shemeji akabonyeza swichi. Pampu ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Fyuzi ilikuwa imeungua. Akatia nyingine, nayo ikaenda.

Mama alikuwa dirishani akitazama. "Ni mimi nimeharibu gari la mtoto wa watu," akaninong'oneza kwa lugha ya nyumbani.

Tangu hapo akakataa chai, akakataa maji. Kesho yake jua lilikuwa kali ajabu, na Mama ni mgonjwa wa shinikizo la damu. Dada akambembeleza, wapi! Midomo ilikuwa imemkauka, na bado anasema hana kiu.

Shemeji, kwa aibu na haraka, akataka kutia fyuzi kubwa zaidi. Wanaume wengi huipenda dawa hiyo. Nikamzuia. Fyuzi hukatika ili waya zisiungue. Ukiweka kubwa, kitakachoungua ni waya, na pengine gari zima. Tukachukua kijitabu cha pampu, tukasoma polepole. Pampu isipotoa sauti yoyote, shuku umeme: betri, fyuzi, swichi au waya uliolegea. Ikizunguka na uchafu usitoke, huenda vali imefungwa, mpira wa ndani umelika au paipu imeziba. Ikinguruma bila kuzunguka na kukata fyuzi, imekwama. Yetu ilikuwa hii ya mwisho.

Dada akauliza ni nani aliyetupa chooni vile vitambaa vyenye majimaji vya kupangusia mtoto, maana haviyeyuki na huvizinga visu. Kimya. Kumbe hapakuwa na mwenye hatia. Gari lilikuwa limeegeshwa majira yote ya baridi, na pampu haikuwa imewashwa tangu mwaka uliotangulia. Gurudumu la mpira likikaa hivyo hugandamana na ukuta wa pampu.

Nyuma ya mota kulikuwa na kifuniko kidogo, na chini yake ncha ya ekseli yenye mfuo wa kuingiza bisibisi. Shemeji akachomoa fyuzi, akavaa glavu, akalala chini ya gari. Akazungusha. Ekseli ikakataa, ikakataa, kisha ikaachia ghafla. Hatukulazimika kuifungua pampu yenyewe, nasi tulishukuru, maana anayeifungua tangi likiwa limejaa, vali haijafungwa barabara, atahama kambi. Fyuzi mpya ya kipimo kile kile, swichi, na pampu ikavuma. Baada ya dakika chache tangi likawa tupu. Shemeji akazima papo hapo, kwa kuwa mpira ule ukizunguka pakavu huungua.

Kisha akamwambia dada, kwa sauti ya kumfikia Mama upande wa pili wa gari, kwamba kosa lilikuwa la baridi ya Minnesota.

"Mwambie ahsante," Mama akamjibu dada. Akaomba maji. Akanywa bilauri mbili bila kupumua.

Usiku nilisikia mlango ukifunguliwa taratibu. Mama alikuwa ameshika tochi, anaelekea choo cha kambi, hatua mia mbili hivi. Shemeji, aliyekuwa nje akizimua moto, akageuza uso upande mwingine mpaka alipopita.