Ukibeba nyumba mgongoni hadi Ziwa Turkana, pima kwanza

Iwapo jamaa yako imepanga kwenda Loiyangalani likizo ijayo, na mmeamua kulala ndani ya kijumba kinachopachikwa mgongoni mwa pikapu, basi safari yenu haianzii barabarani. Inaanzia kwenye mizani.

Vijumba hivi, ambavyo Wamarekani wamevitumia kwa miaka mingi, huwa na kitanda, meko, tangi la maji na kabati. Huko kwao sheria humtaka mtengenezaji abandike kibao cha kuonyesha uzito wa kijumba. Hapa kwetu, aghalabu hutengenezewa karakana na fundi wa vyuma, na uzito wake haujulikani hadi upimwe.

Hebu tupige hesabu. Tafuta kwenye kitabu cha gari au kibao kilicho mlangoni uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, gari likiwa na kila kitu ndani yake. Kisha toa uzito wa gari tupu, tangi la mafuta likiwa limejaa. Tuseme umebakiwa na kilo 1,000. Watu wengi hudhani kwamba kilo hizo zote ni za kijumba. La hasha!

Kijumba kina kilo 450. Lita 100 za maji ni kilo 100 kamili, wala hapo huwezi kupunguza, kwani maji ya Ziwa Turkana yana magadi na si ya kunywa. Baba, mama na watoto watatu ni kilo 260. Dizeli ya akiba, lita 40, ni kama kilo 34. Ongeza mtungi wa gesi, betri, tairi la pili la akiba, unga, nguo na blanketi: kilo 130. Haba na haba hujaza kibaba. Umefika kilo 974. Zimebaki kilo 26, na yule mbuzi ambaye baba alitaka kumnunua njiani hana nafasi.

Jambo la pili ni urefu, na hapa ndipo jamaa nyingi hukwama. Pikapu ya milango minne ina viti vya kuwatosha watoto, lakini sehemu yake ya mizigo ni kama mita moja na nusu tu. Ile ya milango miwili ina nafasi ndefu nyuma, ila ina viti viwili au vitatu. Wapo wanaosema, "Watoto watakaa ndani ya kijumba." Usikubali! Humo hamna mikanda ya usalama, na gari likipinduka, kijumba ndicho kinachopasuka kwanza. Kwa wenye watoto, afadhali pikapu ya milango minne na kijumba kidogo, hata kama wawili watalala kwenye hema nje.

Halafu kuna suala la mahali uzito unapokalia. Sehemu nzito zaidi ya mzigo yapasa iwe mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Ukining'iniza tangi la maji na tairi mbili mkiani, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na usukani unakuwa kama wa mtumbwi. Kuongeza springi nzito kutainua mkia wa gari, lakini hakubadilishi uwezo wa breki, ekseli wala tairi. Soma nambari iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: 112, kwa mfano, maana yake ni kwamba tairi hilo halipaswi kubeba zaidi ya kilo 1,120.

Baada ya kupakia kila kitu, na watu wote wakiwa ndani, nenda kwa mfanyabiashara wa nafaka au vyuma chakavu mwenye mizani ya magari. Pima gari zima, kisha magurudumu ya nyuma peke yake.

Barabara yenyewe itakudanganya mwanzoni. Kutoka Nairobi kupitia Nanyuki na Isiolo hadi Laisamis ni lami tupu, na hata gari lililozidishiwa mzigo huteleza bila kulalamika. Ukiacha lami hapo Laisamis, unaingia barabara ya changarawe ya zaidi ya kilomita 200, iliyotengenezwa upya ili kusafirishia mitambo ya umeme wa upepo. Pahali pengine imefanya mawimbi kama mabati, na hapo ndipo kila kilo iliyozidi hujitokeza: bolti hulegea, springi hukatika, tairi huchemka.

Ukifika Sarima utaiona mitambo hiyo 365, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2019. Haikuwekwa hapo kwa bahati. Upepo hubanwa kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiro, ukavuma kwa nguvu za ajabu, na kijumba kirefu juu ya pikapu ni sawa na tanga la jahazi. Punguza mwendo, ushike usukani kwa mikono miwili.

Loiyangalani, jina ambalo kwa Kisamburu ni mahali penye miti mingi, ina chemchemi na mikoma ya kukupa kivuli. Usikae chini ya matawi makavu. Kwa kuwa upepo huzidi usiku, elekeza pua ya gari kusini-mashariki unakotoka, ushushe paa kama ni la kuinuliwa, na mpike mapema kabla jua halijatua ng'ambo ya ziwa.