Maoni Kumi ya Ripoti

Niliwahi kukabidhiwa mamia ya maoni ya wananchi kuhusu matumizi ya ardhi, nichague kumi ya kuingizwa katika ripoti. Theluthi mbili ya washiriki walikuwa wakulima, waliobaki wafugaji. Nikachukua yale kumi yaliyoungwa mkono na watu wengi zaidi. Yote yakawa ya wakulima! Hesabu yangu, kwa bahati mbaya, haikuwa na kosa.

Baadaye nilisoma kanuni ya mwaka 1895 ya Thorvald Thiele, mwanahisabati wa Denmark: oni la kwanza la mtu likishachaguliwa, la pili analoliunga mkono hupewa nusu ya uzito wa kura yake, la tatu theluthi. Kwa kanuni hiyo wakulima wangepata saba, wafugaji matatu. Ripoti nilikuwa nimekwisha kuitia saini.