Barua kwa Mpwa Wangu Anayetaka Usukani

Mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Umemaliza kidato cha nne, unataka kuendesha semi, huna mtaji wala ujuzi, na kuna mtu mjini amekuahidi leseni ya daraja E ndani ya wiki 2 ukimpelekea fedha. Mama yako yuko tayari kuuza kiwanja ili fedha hizo zipatikane.

Kiwanja kisiuzwe. Nalitanguliza hili ili hata ukichoka kusoma njiani, uwe umelipata.

Daraja E kwa kawaida linataka uwe umeshika daraja D kwa muda usiopungua miaka 3, kisha upate mafunzo ya magari makubwa. Huyo anayekuahidi njia ya mkato anakuuzia kadi tu, udereva hana wa kukuuzia. Na kadi hiyo itakupandisha kwenye gari lenye uzito wa tani 50 na ushee kabla hujajua kulishusha mlimani.

Niachie niseme kidogo kuhusu mlima, maana hapo ndipo ninapokuogopea. Wengi hudhani kazi ya lori ni kupanda. Kupanda mlima Kitonga, kule Iringa, kunataka subira: gari linatambaa, injini inanguruma, mwisho linafika. Mtihani uko wakati wa kurudi, umetoka Zambia na shaba mgongoni. Dereva asiyefundishwa anauanza mteremko na gia nyepesi, mguu ukiwa juu ya breki muda wote. Breki zinapata moto, na breki yenye moto haishiki. Akiona hivyo anaanza kukanyaga na kuachia mfululizo, na kila akikanyaga upepo wa breki kwenye mitungi unapungua. Kuanzia hapo gari linakwenda linakotaka lenyewe. Aliyefundishwa anapunguza mwendo kungali tambarare, anaingiza gia nzito huko huko juu, anawasha breki ya injini, na breki ya mguu anaigusa kwa vipindi vifupi ili ipate kupoa. Wazee walitufundisha kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia. Kwa injini za siku hizi zenye nguvu nyingi, shuka hata chini ya hapo. Utakutana na madereva wanaoachia gari literemke bila gia ili wabane mafuta. Usimwige hata mmoja, hata kama ana miaka mingi barabarani. Waulize watu wa Mbeya ni mara ngapi mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi umewaingiza msibani.

Sasa fedha kidogo uliyonayo uitumie hivi. Nenda chuo cha ufundi cha VETA, ulizia kozi ya msingi ya udereva, chukua leseni ya mafunzo, ujifunze hadi ufanye mtihani wa polisi wa usalama barabarani kihalali, upate daraja D. Hapo miaka yako 3 inaanza kuhesabika, nawe usikae bure. Sokoni hapa Makambako wapo wafanyabiashara wenye virikuu, magari madogo ya mizigo, vya kubebea viazi na vifaa vya dukani, na wanasumbuka kupata kijana asiyechelewa na asiyegongagonga gari. Mshahara wake ni mdogo, sikufichi. Lakini utajifunza kurudi nyuma kwenye uchochoro, kusoma barabara usiku, na kukaa na mali ya mtu bila mgogoro. Muda ukikaribia, weka akiba ya kozi ya magari makubwa pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, Dar es Salaam. Hiyo ndiyo fedha ya kuitolea jasho.

Ukipata nafasi ya utingo, ikamate. Kampuni kubwa nyingi siku hizi zinamtuma dereva peke yake, lakini wenye malori machache bado wanampa dereva msaidizi, hasa magari ya mbao na mahindi. Kiti cha utingo ni darasa lisilo na ada. Utapiga grisi, utagonga tairi kusikia iliyopungua upepo, utafunga turubai kwenye mvua, utalala chini ya tela ukilinda mzigo. Uliza kila kitu. Fundi akifungua gari, shika tochi na uangalie mkono wake. Ila usiguse usukani barabarani kabla leseni yako haijaruhusu, hata dereva akikupa kwa sababu ana usingizi. Mwambie apaki alale.

Ukae pia mizanini uone kazi yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake. Vijana wengi wanaishia kwenye hiyo 56 wakasahau kwamba kila ekseli nayo ina ukomo wake. Gari linaweza kuwa chini ya tani 56 likazidisha ekseli moja kwa sababu mzigo ulipangwa vibaya au ulihama njiani. Kwa hiyo simama pale wanapopakia. Usikae kijiweni ukisubiri kuitwa.

Mwanangu, kuna fedha mbili zitakazokufuata zikiwa zimevaa sura ya bahati. Ya kwanza ni ya mafuta. Atakuja mtu na madumu, atasema lita chache hazionekani. Zinaonekana, matajiri wamefunga vifaa vya kupima tangi na kufuatilia gari, na dereva aliyefukuzwa kwa wizi wa mafuta jina lake linatangulia kila yadi anayoomba kazi. Ya pili ni ya kubeba watu kwa siri. Machi 2020 kule Tete, Msumbiji, kontena lilifunguliwa ikakutwa miili 64 ya watu walioaminika kuwa Waethiopia, wamekosa hewa. Miaka 8 kabla yake, wahamiaji zaidi ya 40 walikutwa wamekufa hapa nchini, Kongwa, walikuwa wamefichwa kwenye lori. Hakuna posho inayolipa jambo la namna hiyo. Akija mtu wa biashara hiyo, washa gari uondoke.

Na siku ukikabidhiwa tangi la petroli, kumbuka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019. Gari lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Gari la mafuta likianguka nawe ukawa na nguvu ya kusimama, kazi yako ya kwanza ni kufukuza watu mbali na kuita msaada.

Kuhusu usingizi na mirungi nitasema kwa ufupi: aliyechoka alale. Kuhusu wanawake wa vituoni: jilinde, pima afya yako, na ukiwa na mke mheshimu.

La mwisho ni mkataba, nalo vijana hulipuuza kwa sababu wana njaa ya kazi. Utaanza kwa deiwaka, yaani kibarua kisicho na mkataba, wengi huanzia hapo, ila usizeekee humo. Aprili 2015 madereva waligoma nchi nzima, na moja ya madai yao ilikuwa mikataba ya ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Uone mshahara umeandikwa peke yake na posho ya safari peke yake. Hakikisha michango yako inafika kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Ule wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi anaulipa mwajiri mwenyewe, usikubali ukatwe. Dereva aliyevunjika mguu bila karatasi anatibiwa kwa michango ya ndugu.

Mwambie mama yako nitampigia Jumapili tuzungumze gharama za VETA. Sehemu yake nitaitoa mimi. Wewe nitumie tarehe ya kuanza masomo, ili nami nianze kumtafuta mwenye kirikuu atakayekupokea ukishapata leseni.

Mjomba wako,
Makambako