Chang'ombe Mbili

Barua ya uhamisho haikumshangaza mtu ofisini kwetu. Tangu Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali yote itahamia Dodoma, kila ofisi ya umma jijini Dar es Salaam ilikuwa ikijiuliza zamu yake itafika lini. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa zamani. TANU iliupitisha mwaka 1973, na kwa miaka zaidi ya 40 watumishi walikuwa wakiusikia hadi wanastaafu bila kufungasha hata sufuria. Safari hii Waziri Mkuu alihamia mwaka uleule, na Aprili 2018 Dodoma ikapewa hadhi ya jiji. Mimi nilikuwa mwandishi wa programu katika taasisi moja ya umma inayotunza michango ya wanachama, naishi Chang'ombe ya Temeke, na mkononi nilikuwa na barua mbili: ya mwajiri wangu ikinitaka Dodoma, na ya kampuni binafsi ya malipo kwa simu ikinitaka nibaki Dar kwa mshahara mnono zaidi.

Mama yangu alipiga simu kutoka Tanga. "Mwanangu, kazi ya serikali haiachwi," akasema, na kwake mjadala ukawa umekwisha. Mume wangu ana duka la vipuri vya magari Gerezani. Alikaa kimya usiku mzima, asubuhi akaniambia, "Mama watoto, mimi wateja wangu wako hapa. Lakini sitakuwa mtu wa kukufungia njia." Tukapiga hesabu ya kodi ya nyumba, ada za shule, posho ya usumbufu, gharama ya mizigo. Hesabu hiyo ilikwisha mapema. Iliyonikosesha usingizi ni nyingine, ambayo nyumbani hakuna aliyeiona: mji upi utanifanya niendelee kuijua kazi yangu?

Fani yetu huchakaa upesi. Nilianza kazi mwaka 2008 kwa lugha ya programu ya PHP 5, wakati intaneti ya ofisi ilikuja kwa setilaiti, ya taratibu na ya bei kali. Mwongozo wa PHP tuliupakua mara moja, tukauweka kwenye flashi, ukazunguka meza kwa meza. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa Seacom ukafika Dar es Salaam, na kidogo kidogo nikaanza kusoma majibu ya waandishi wa programu wa dunia nzima kwa kasi ambayo sikuwahi kuiota. Usiku, watoto wakilala, nilitumia bando langu kujifunza Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo, na namna ya kuandika majaribio yanayojiendesha yenyewe. Nilijifunza mengi. Hata hivyo, anayejifunza peke yake usiku hana wa kumwambia, "Hapa hujaeleweka, rudia." Nilichokitamani katika ile kampuni ni hicho, kuliko mshahara: pale msimbo wa kila mtu husomwa na mwenzake kabla haujaingia kwenye seva. Kwetu kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya mfumo kama shamba lake, na hakuna aliyevuka mpaka kwenda kwa jirani. Semina za siku mbili hotelini, zenye cheti na chakula cha mchana, hazikutusaidia. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu fedha zile zingetosha kuwapa vijana muda wa kusomeana kazi.

Ilikuwapo kalenda nyingine pia, isiyojali kuhama kwa serikali. Desemba 2015 lilitoka toleo la PHP 7, na ndani yake zile amri za mysql_ za kuzungumza na kanzidata, ambazo mfumo wetu wote uliziegemea, zilikuwa zimeondolewa kabisa. Toleo la 5.6 tulilokuwa tukilitumia lingeacha kupewa marekebisho ya usalama mwisho wa mwaka 2018. Kwa hiyo mwaka wa kuhamisha makabati ndio huohuo uliokuwa mwaka wa kuandika upya mfumo.

Na mfumo ule ulikuwa na ugonjwa ambao nataka niueleze vizuri, kwa sababu ndio ulioamua safari yangu. Ulikuwa ukichukua maandishi ya karani na kuyaunganisha moja kwa moja na amri inayokwenda kwenye kanzidata. Katika SQL, lugha ya kuamuru kanzidata, maandishi hufungwa kwa ritifaa, moja mwanzoni na moja mwishoni. Karani akiandika jina Ng'wandu, kanzidata inaona maandishi yamefungwa baada ya herufi Ng, mengine haiyaelewi, inakataa. Nchi hii imejaa majina ya namna hiyo, kwa Wasukuma, kwa Wagogo, na hata mtaa wangu mwenyewe. Makarani, walioachwa wajitafutie njia, wakaiacha ile alama na kuandika Ngwandu. Siku mwanachama anapokuja kudai haki yake, kitambulisho kinasema hivi na mfumo unasema vile. Anarudishwa kwa hakimu akaape kwamba watu hao wawili ni mmoja. Isitoshe, upenyo unaovunja jina la Msukuma ndio upenyo ambao mtu mwenye nia mbaya angeutumia kuingiza amri zake na kusoma kumbukumbu za wote.

Dawa yake inajulikana: amri inatumwa peke yake, thamani zinatumwa peke yake, kanzidata haizichanganyi tena. Lakini kuiweka dawa hiyo katika kila ukurasa wa mfumo mkubwa ni kazi ya miezi, na inataka mtu anayejua kila ukurasa uliandikwa kwa ajili ya nani. Kule kwenye kampuni wangeniweka kwenye kipande kimoja cha mtambo ulio na mafundi wengi. Huku, nikiondoka, majina yale yangebaki yamevunjika. Nikaenda kwa mkurugenzi na maombi mawili: tuandike upya mfumo wote, na kuanzia siku hiyo pasiwe na badiliko linalokwenda kwenye seva kabla mtu wa pili hajalisoma. "Dada, andika dokezo, nitasaini," akanijibu. Alisaini. Nikawaandikia kampuni barua ya kushukuru.

Dodoma nilipanga Ipagala. Upepo wa Agosti uliingiza vumbi hadi ndani ya kibodi, maji yalikuja kwa mgawo, na nyumba zilikuwa zikigombewa na wahamiaji kama mimi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007 kilituletea wanafunzi wa fildi, na hao ndio walioibadilisha ofisi. Git waliijua tangu chuoni, ila mfumo wenye watu halisi ndani yake hawakuwahi kuugusa. Ijumaa alasiri tuliwasha projekta, tukasoma msimbo ukutani mstari kwa mstari, na waliniuliza sababu ya mambo niliyoyafanya kwa mazoea kwa miaka. Mmoja alikuwa anaishi Ng'hong'onha. Tukaliingiza jina la kata yake katika majaribio yetu, likifuatiwa na Chang'ombe, maana Dodoma nayo ina Chang'ombe yake. Kila badiliko sasa hupita kwenye majina hayo kwanza.

Gharama ya nyumbani ilikuwa kubwa, na siifichi. Mume wangu alibaki na duka. Miaka mingi tulionana kwa basi la kupitia Morogoro na Gairo, kilomita kama 450, na mtoto mdogo alizoea kumsalimia baba yake kwa simu. Treni ya umeme ilipofika Dodoma mwaka 2024 safari ikawa chini ya saa nne, na sasa yeye ndiye anayekuja mara nyingi.

Mfumo uko PHP 8 leo. Kazi iliyo mbele yetu ni kurekebisha majina yaliyoandikwa zamani bila ritifaa, na hayo hayarekebishwi kwa amri moja. Kila jina linataka kitambulisho cha mwenyewe na karani mwenye subira. Mwezi uliopita kijana wa Ng'hong'onha alipata kazi Dar, katika kampuni ya malipo kama ile iliyonitaka. Nilimwandikia barua ya kumpendekeza, nikamwomba wiki mbili amkabidhi mwenzake sehemu ya michango, na wote wawili wako pembeni yangu sasa hivi, wanabishana juu ya jina la jedwali.